Mpini wa Kisu cha Chesko

Igowole, Jumamosi alasiri
Juni 1956

Mwanangu Benito,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini nitakuulizaje hali nawe nakuona dirishani? Uko nje, unafunga kamba kwenye sanduku lako, unaifungua, unaifunga tena. Hilo umelirithi kwangu. Mimi tangu asubuhi nimekwenda mara tatu kutazama kama ile barua yako ya kuitwa kazini bado imo ndani ya kitabu cha sala cha mama yako, kana kwamba karatasi ina miguu.

Nimekaa humu karakanani, mlango nimeurudishia. Mama yako nimemwambia napiga msasa. Unaona? Hata barua ya kukuambia ukweli nimeianza kwa uongo.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala za kuchemsha maji ya kunywa, wala za marafiki wa mjini. Mama yako ameshazisema zote, na alizosahau atazisema kesho gari likiwa linaondoka. Nakuandikia habari za kisu cha kukunja ulichopewa na bibi yako umpelekee baba yako mdogo Chesko. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, kwa lugha yetu, lakini katika lugha yetu sina mahali pa kujificha. Kiswahili nilikisoma kwa mapadre, na ninapokiandika najiona kama mtu aliyevaa koti la kuazima. Anapata ujasiri kidogo.

Hadithi ya Chesko unaijua tangu ulipokuwa unanyonya. Kwamba mimi na mdogo wangu tulikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, kule Chunya. Kwamba kazi ilipokwisha mimi nilirudi nyumbani, yeye akaendelea Kusini kwenye migodi ya shaba. Kwamba alinipa kisu chake nimletee mama kama salamu, amtunzie hadi atakaporudi. Hadithi hiyo niliitunga mimi, Benito. Niliitunga kwa muda mfupi kuliko ule wa mtu kuvua kofia. Chesko hakwenda Kusini. Nilimwacha mgonjwa njiani, na hadi leo sijui kama yu hai au amekufa.

Basi, nimeliandika. Nimetoka nje kidogo kupata hewa, nimerudi.

Mwezi uliopita, siku barua yako ya gereji ilipofika kutoka Mbeya, bibi yako aliniita jikoni kwake. Alipanda juu ya kigoda, mzee yule, akaingiza mkono darini juu ya moto, akatoa kitu kilichofungwa kitambaa. Sikuhitaji afungue. Nilijua kimelala pale zaidi ya miaka ishirini, na siku zote nilipoingia mle kula nilikaa nikikipa mgongo. Hakukubali kitumike hata kugemea pombe ya ulanzi. Mpini wake wa mti ulikuwa umepasuka, upande mmoja umeliwa na wadudu ukabaki unga. Bapa lilikuwa limeshikwa na kutu hata halifunguki.

"Mtengenezee mpini," akasema. "Mbeya ndiko wanakoshukia watu wanaotoka Kusini. Benito awe anawaonyesha. Aliyekaa na Chesko hawezi kukisahau kisu hiki. Na akimpata mwenyewe, ampe mkononi, amwambie kwamba mama yake bado anapumua."

Jioni yake alikuambia wewe mwenyewe, nami nimekaa pale pale. Uliweka mkono kifuani ukasema, "Nitamtafuta, Bibi." Ulisema kwa moyo wako wote. Tangu siku ile sijala chakula nikajua ladha yake.

Sasa nikuambie nilivyofanya. Mimi ni fundi. Masanduku ya chai ya mashamba yote haya ya Mufindi yamepita mikononi mwangu, na mpini wa kisu ni kazi ya siku mbili kwa mtu mvivu. Mimi nilitaka ichukue mwezi mzima. Nilitumaini siku yako ya safari itafika kisu bado kimebanwa kwenye jiliwa, niseme, "Mama, haikuwezekana, tutakituma baadaye." Kwa hiyo nilichukua mti wa muwati uliokatwa wiki ile ile, mbichi unatoa maji, nikauchonga mpini. Wewe mwenyewe uliniambia, "Baba, huo si utapasuka?" Nikakukaripia. Ulikuwa sahihi, na nilijua uko sahihi, ndiyo maana nilikukaripia. Siku ya sita mpini ukapasuka kutoka msumari hadi msumari.

Nilimpelekea bibi yako nikiwa na uso wa huzuni niliouandaa tangu alfajiri. Akaugeuzageuza. Aliingia chumbani kwake akatoka na pembe ya yule ng'ombe dume.

Yule dume unamkumbuka, mwekundu, aliyekuwa anakuburuta ukimshika mkia. Lakini labda hujui kwa nini hakuuzwa wala kuchinjwa miaka yote ile. Bibi yako alimtenga akiwa ndama, akasema huyu ni wa kumpokea Chesko. Kabla yake alikuwapo mwingine, naye alizeeka. Huyu wa pili alivunjika mguu kwenye utelezi mwaka juzi, tukalazimika kumchinja. Kijiji kizima kilikula. Bibi yako hakuonja. Pembe alizichukua akaziweka, na mimi nikajifanya sijaona.

"Pembe haipasuki," akaniambia.

Basi nikafanya kazi, mwanangu, na sasa niliifanya vizuri kwa sababu nilikuwa nimeona haya. Nilikata pembe kwa msumeno mwembamba, nikaichemsha hadi ikalainika, nikaitanua, nikaibana kati ya mbao mbili kwenye jiliwa nikaiacha ikauke siku kumi. Pembe ikiwa ya moto inakubali umbo lolote unalotaka. Lakini ukiirudisha kwenye moto inajikunja kufuata umbo lake la zamani. Usidhani nakuhubiria, nakueleza tu kwa nini kisu hiki kisiwekwe karibu na jiko. Ukiisugua kwa tupa inatoa harufu ya nywele zilizoungua, na harufu hiyo imekaa kwenye mashati yangu hadi leo. Mama yako amelalamika.

Bapa nalo nililiweka kwenye mafuta ya taa siku tatu, nikaliondoa kutu kwa msasa na majivu. Ile ncha ndogo iliyovunjika nimeiacha kama ilivyo, kwa sababu ilivunjika mikononi mwa Chesko, alipokuwa akifungulia kopo la samaki kwa ubishi. Misumari ya mpini nimeitengeneza kwa waya wa shaba nilioununua kwa Mswahili mmoja mwenye duka pale Mafinga. Nimetoboa kwa keekee polepole, nikagonga, nikasawazisha, nikapaka nta. Ukipitisha kidole huwezi kujua pembe inaishia wapi na shaba inaanzia wapi. Nasema haya kwa kujisifu. Niache nijisifu kidogo, maana yanayofuata hayana sifa.

Juzi nilikifungua na kukifunga kujaribu springi. Kikalia. Ule mlio, Benito. Mlio mdogo tu wa chuma. Nilikaa chini kwenye vumbi la randa, nikaziba mdomo kwa mkono ili mama yako asisikie.

Chesko alikuwa na tabia hiyo. Jioni kule machimboni, tukiwa tumechoka hata kuzungumza hatuwezi, yeye anafungua kisu, anafunga, anafungua, anafunga. Alikinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Nilimwambia mara mia, "Wewe, acha, utanitia wazimu." Anacheka. Alikuwa anacheka kwa pua, kama wewe unavyocheka. Hilo hakuna aliyewahi kukuambia, kwa sababu wanaolikumbuka vizuri ni mimi na bibi yako, na bibi yako akikutazama unapocheka hutoka nje.

Tulitoka Lupa kwa miguu. Tulishuka hadi Mbeya, tukaanza kufuata barabara kurudi nyumbani, na tulipofika bondeni Usangu, kwenye joto lile, homa ikamshika. Kwanza alitembea akitetemeka. Baadaye nilimbeba. Tulipofika Chimala kulikuwa na mtu aliyeuza miwa na mihogo kando ya barabara, akatuacha tulale barazani kwake. Siku mbili nilimmenyea muwa kwa kisu chake, namkatia vipande vidogo anyonye, maana kitu kingine hakikupita. Kule machimboni tulikuwa tumeona mtu akifa kwa homa ya namna ile ile. Niliogopa. Nisikufiche: niliogopa atakufa, na niliogopa nami nitaipata.

Na kulikuwa na jambo jingine. Mama yako alikuwa ameahidi kunisubiri hadi mavuno, na mavuno yalikuwa yamefika. Wazazi wake walikuwa na mtu mwingine wa kumpa. Kila siku niliyokaa barazani pale niliihesabu.

Siku ya tatu likapita lori lenye magunia, linakwenda Iringa. Nikalisimamisha. Dereva alitoa kichwa akamtazama Chesko barazani.

"Mgonjwa mimi sibebi," akasema. "Akifia juu ya gari yangu, polisi watanishika mimi. Wewe kama unapanda, panda. Gari haingoji."

Nikarudi barazani kuchukua mfuko wangu. Chesko alifungua macho.

"Kaka, unakwenda wapi?"

Nikamwambia, "Nakwenda kuchota maji."

Akasema, "Usichelewe."

Nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyasema. Sijawahi kuyatamka mbele ya mtu. Nilipanda juu ya magunia, na tulipofika mbali ndipo nikahisi kisu kwenye mfuko wa suruali, bado kina utomvu wa muwa.

Sikukusudia kumtupa. Njia nzima nilijipangia: nikifika nyumbani nitakusanya vijana wanne na machela, turudi tumchukue. Nilikuwa nimeshawachagua kwa majina. Hata sasa nikijitetea mbele ya Mungu huwa naanza na wale vijana wanne.

Lakini unajua desturi yetu. Mtu akirudi peke yake, mkononi ana kitu cha mwenziwe, hakuna anayeuliza swali. Kitu kile ndicho habari ya msiba. Nilifika uani, mama anapeta mahindi, majirani wamekuja kunilaki. "Kamwene, kamwene." Nikakaa. Mikono yangu, bila mimi kuiambia, ikatoa kisu ikaanza kukifungua na kukifunga. Mama akaacha ungo. Akakitazama kile kisu, akainua mikono akaiweka kichwani. Mwanamke mmoja nyuma yake akaanza kulia.

Fikiri, Benito. Nikinyamaza, wanamlilia matanga mtu ambaye labda bado anangoja maji. Nikisema nimemwacha mgonjwa, wataniuliza, umemwachaje? Mdomo wangu ukachagua wenyewe. "Ni mzima! Amekwenda Kusini. Amesema mama amtunzie kisu." Mikono ikashuka kichwani. Mama akacheka na kulia kwa pamoja, akaninyang'anya kisu akakibana kifuani. Nilimpa furaha ambayo sijawahi kumpa tena.

Na kwa maneno hayo nilimfungia Chesko mlango. Nitawaitaje vijana wa machela waende Chimala kumchukua mtu aliye Kusini? Baada ya wiki moja niliondoka peke yangu, nikasema nakwenda kutafuta kazi. Nilifika Makambako. Pale nikakaa kando ya barabara nusu siku, nikiwaza yule muuza miwa ataniambia nini, na nikageuka. Wahenga husema njia ya mwongo fupi. Yangu haikuwa fupi. Tangu siku ile natembea na bado sijafika.

Nilioa. Nilipata kazi kwenye mashamba ya chai. Ulipozaliwa, bibi yako alitaka uitwe Chesko, nikakataa kwa ukali ambao hakuna aliyeuelewa. Mara mbili, alipokuwa amenyong'onyea sana, nilimletea salamu za uongo: nimekutana na mtu Mafinga, amemwona Chesko, amenenepa. Mara ya pili alichinja kuku. Mimi nilikula lile paja.

Nataka ujue pia kwamba ningengoja pale Chimala, labda mama yako angeolewa na yule mwingine, na wewe usingekuwapo. Usilibebe hilo. Nimelibeba mimi na mabega yameshazoea. Nakuambia tu kwa sababu utalifikiri mwenyewe usiku mmoja huko Mbeya, na sitaki ulifikiri ukiwa peke yako.

Ninachokiogopa sasa ni hiki. Wewe ni mtu wa kutimiza neno lako. Utasimama kwenye stendi ya Mbeya kila Jumamosi na kisu mkononi, unawauliza watu wa Kusini habari za mtu ambaye hakufika huko. Wapo watakaokudanganya wapate kunywa kwa gharama yako. Utajiona umemwangusha bibi yako. Na siku utakayorudi kwa likizo, ukaingia uani bila Chesko, na kisu mkononi mwako, mikono yake itapanda kichwani kama siku ile, na wewe ndiye utakayekuwa umesimama mbele yake. Nimeng'arisha kwa mikono yangu kitu kile kile kilichoniangusha, nikakupa wewe. Nikikutazama hapo nje unafunga hilo sanduku, natamani nikimbie nije nilifungue nikichukue.

Nilifikiri nikikuandikia haya itatosha. Utajua, utakiweka kisu chini kabisa ya sanduku, utamwambia bibi yako kwenye barua kwamba unaendelea kutafuta, na sisi wawili tutangoja afe kwa amani. Ndivyo nilivyokuwa nimepanga kumalizia barua hii. Nimeisoma tena sentensi hiyo. Inanitaka nikufundishe kazi yangu, na si ile ya useremala.

Naacha kuandika hapa. Naenda kwake. Nikipita hapo nje nitakuomba kisu unipe.

*

Nimerudi. Jua limeshaingia, mama yako ameleta taa na kuuliza msasa gani huu usiosikika. Nimemwambia nitamweleza leo. Nitamweleza.

Nilimkuta bibi yako anapukuchua mahindi. Nilikaa kwenye kigoda, safari hii nikitazama lile dari. Nikasema, "Mama, Chesko hakwenda Kusini." Hakuinua kichwa. Vidole vyake viliendelea, punje zinaanguka kwenye ungo. Nikasema yote. Homa, muwa, lori, dereva. Nilipofika kwenye neno la maji sauti ilikwisha, nikalisema kwa kunong'ona, nikarudia kwa sababu masikio yake si mazuri. Nadhani hiyo ndiyo adhabu niliyoihisi zaidi, kulisema mara mbili.

Nilikuwa nimejiandaa kwa laana, Benito. Nilikuwa nimeinamisha shingo.

Akauliza, "Maji alipata?"

Nikasema, "Sijui, mama."

Akaweka gunzi chini. Akaninyooshea mkono nimpe kisu. Alikifungua, akajaribu makali kwenye ukucha wa kidole gumba, akapapasa mpini wa pembe pande zote mbili. Akasema kazi ni nzuri. Alisema hivyo kweli, kama mteja. Halafu akaanza kulia, si kwa sauti ya matanga, kwa chini chini, na mimi nikalia naye, na hakuna aliyemshika mwenziwe.

Alipomaliza akajifuta kwa kanga.

"Benito hatakwenda na kisu hiki," akasema. "Mtoto hana deni na Chesko. Ulikichukua wewe, kirudishe wewe. Kesho utapanda gari pamoja naye. Utashuka pale ulipopandia."

Nikamwambia miaka imepita mingi, labda yule muuza miwa hayupo, labda hakuna hata kaburi linalojulikana.

"Utauliza," akasema. "Siku ile ulikuwa na miguu ya kuondoka. Mdomo wa kuuliza pia ulikuwa nao."

Nikauliza nisipopata kitu, nirudi vipi?

"Rudi na kisu mkononi, upite uani, mchana, watu wakuone. Mimi nitajua la kufanya. Nimekaa na mikono yangu chini miaka mingi mno."

Basi ndivyo ilivyo. Barua hii niliyoianza ili uondoke nayo, sasa mwandishi wake anasafiri na wewe. Nilitaka kuichana. Lakini najijua. Garini nitakuonyesha miti, nitakuuliza kama una njaa, nitazungumza juu ya bei ya mbao, na tutafika bila mimi kusema neno lenye maana. Kwa hiyo nitakupa mkononi tukishapita Makambako. Isome yote. Usinitazame unapoisoma, tazama nje, bonde lile la Usangu ni zuri ukiwa huna homa. Ukimaliza, ukitaka kuhama kiti, hama. Sitakuita.

Wewe hushuki Chimala. Unaendelea Mbeya, Jumatatu wanakungoja gereji, na hili si lako. Nikipata habari yoyote, ya kaburi au ya mtu, nitakuja Mbeya kukuambia kabla sijarudi nyumbani.

Kuna jambo moja tu nakuomba, na naona aibu kuliomba kwa mwanangu. Niliwahi kufika Makambako nikageuka. Kesho kurudi nyuma sitaweza, kwa sababu wewe utakuwa garini, lakini najua naweza kufanya jambo jingine: kubaki nimekaa. Gari litasimama, watu watashuka, nami nitajifanya natafuta kofia. Basi, gari likisimama Chimala ukaniona bado niko kitini, niambie, "Baba, tumefika." Nikikujibu twende kwanza Mbeya, nikuone umefika salama, nitashuka wakati wa kurudi, usinisikilize.

Baba yako